Damu ya mzee: jina la rangi na msimbo wake katika kurasa za wavuti

damu ya mzee *nm* [i-] rangi nyekundu iliyokolea sana hadi kuelekea weusi, isiyo na ukahawia wala uzambarau ulio dhahiri: *sweta la damu ya mzee, mapazia ya damu ya mzee.*

Katika mazungumzo ya kila siku jina hili halina matatizo. Mshonaji akiagizwa kitambaa cha damu ya mzee huenda moja kwa moja kwenye robota linalostahili, na mzazi anayeambiwa kwamba sweta la shule ni la damu ya mzee hanunui jekundu la kung'aa. Matatizo huanza jina hilo linapohamishiwa kwenye kompyuta, kwa kuwa kompyuta haijui damu wala haimjui mzee, inajua namba. Ndipo mwandishi wa tovuti, mfasiri wa programu au mtunga kamusi anapouliza: msimbo wa damu ya mzee ni upi?

Jibu la haraka ni #800000, msimbo ambao katika CSS, yaani lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za wavuti, umepewa jina la Kiingereza "maroon". Jibu hilo linatosheleza kazi nyingi. Hata hivyo, kulichukua kuwa ni fasili ya neno la Kiswahili ni kosa, na kosa hilo huzaa mengine yanayoonekana kwa macho: nembo isiyofanana na sare, maandishi yasiyosomeka, na kahawia inayojitokeza mahali palipoagizwa nyekundu.

Nafasi ya jina hili miongoni mwa majina ya rangi

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya upatanisho: *-eupe*, *-eusi* na *-ekundu*. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa kuazima jina la kitu chenye rangi hiyo: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, zambarau na chungwa kutokana na matunda. Hali hii si ya Kiswahili peke yake. Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1969, walieleza kwamba lugha yenye maneno matatu tu ya msingi ya rangi huwa na neno la weupe, la weusi na la wekundu. Tena mpenzi wa khanga atakumbuka kwamba kisutu, khanga ya harusi ya pwani, hujengwa kwa rangi hizo hizo tatu.

Kwa kuwa vivumishi vilikuwa vitatu tu, *-ekundu* kilibeba mzigo mkubwa. Udongo mwekundu, kwa mizani ya kompyuta, uko karibu zaidi na kahawia. Ng'ombe mwekundu hafanani na taa nyekundu ya barabarani. Mtu akiitwa mwekundu kwa sababu ya ngozi yake, hakuna anayemfikiria kuwa na rangi ya pilipili iliyoiva. Neno moja linameza eneo pana linaloanzia rangi ya machungwa iliyokolea na kuishia kwenye ukingo wa weusi.

Damu ya mzee limo ndani ya eneo hilo, upande wa giza. Jina limejengwa juu ya taswira ya damu nzito iliyopoteza wekundu wake wa ujana. Halidai ukweli wa kitabibu, kwani kinachoifanya damu iwe nyeusi zaidi au nyekundu zaidi ni kiasi cha oksijeni iliyobeba, wala umri wa mwenye damu haumo. Lakini kama taswira limefaulu kuliko neno la Kiingereza linalolinganishwa nalo. "Maroon" limetokana na *marron* la Kifaransa, jina la aina ya njugu yenye ganda la kahawia, na hadi leo Mfaransa akilitaja kama rangi humaanisha kahawia. Kiingereza kiliazima tunda la kahawia kikaliita nyekundu. Kiswahili kilianzia kwenye kitu chekundu tangu mwanzo.

Kisarufi, jina hili ni kirai kilichoganda. Halina wingi: husemwa *sketi za damu ya mzee*, si *sketi za damu ya wazee*. Katikati yake hapaingizwi neno, na halihitaji kistari: *damu-ya-mzee* huandikwa tu pale kompyuta inapokataa nafasi kati ya maneno, kwa mfano katika jina la faili. *Ya rangi ya damu ya mzee* na *ya damu ya mzee* yote ni sahihi. La pili ndilo la mazoea.

Msimbo husomwaje

Neno *msimbo* (wingi *misimbo*) ndilo linalofaa hapa. Wapo wanaoandika *kodi ya rangi*, lakini *kodi* tayari ina kazi ya kutosha kwa mwenye nyumba na mamlaka ya mapato, na msomaji asiye na habari atadhani rangi nayo imeanza kutozwa.

Skrini huumba rangi kwa kuchanganya mwanga wa aina tatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Kila mwanga hupewa kiasi kuanzia 0, yaani umezimwa, hadi 255, yaani umewashwa kikamilifu. Viwango ni 256 kwa kila mwanga, na michanganyiko yote ni 16,777,216. Msimbo wenye alama ya reli huandika viwango hivyo vitatu kwa mpangilio huo huo, kila kimoja kwa tarakimu mbili za mfumo wa namba wa kumi na sita, ambao baada ya 9 huendelea na A, B, C, D, E na F. Katika #800000, 80 ni mara nane ya kumi na sita, yaani 128. Kijani ni 0 na buluu ni 0. Rangi hiyo hiyo huweza kuandikwa rgb(128, 0, 0). Nyekundu kamili ni #FF0000, maana FF ni 255.

Upo pia mtindo wa tatu, hsl, unaokaribia zaidi namna watu wanavyozungumza juu ya rangi: kwanza aina ya rangi kwa nyuzi za duara, ambapo nyekundu iko kwenye 0, kisha kiasi cha kukolea, kisha kiasi cha mwanga. Damu ya mzee ya CSS katika mtindo huu ni takriban hsl(0, 100%, 25%). Anayetaka kuirekebisha kidogo apendelee mtindo huu, kwa sababu atagusa mwanga peke yake bila kuvuruga wekundu.

Herufi kubwa na ndogo ni sawa: #8b0000 na #8B0000 ni rangi moja. Zinazohitaji uangalifu ni sifuri, kwa kuwa msimbo huu umejaa sifuri na huharibika kwa namna ambazo misimbo mingine haiharibiki. CSS inaruhusu ufupisho wa tarakimu tatu, ambapo kila tarakimu hurudiwa. Kwa hiyo #F00 ni #FF0000 bila tatizo. Lakini #800 si #800000. Ni #880000, rangi yenye mwanga kidogo zaidi. Damu ya mzee haina ufupisho. Mtu akidondosha sifuri moja na kuandika #80000, kivinjari hukataa agizo lote na kurudia rangi iliyokuwapo kabla. Akidondosha mbili, akaandika #8000, mambo huwa mabaya zaidi: vivinjari vya sasa husoma tarakimu nne kuwa ni rangi pamoja na kiwango cha kuonekana kwake, na kwa kuwa tarakimu ya mwisho ni sifuri, rangi hutoweka kabisa. Kuzidisha sifuri mbili, yaani #80000000, huleta matokeo hayo hayo. Kichwa cha ukurasa kinachopaswa kuwa cha damu ya mzee kikikosekana bila maelezo, jambo la kwanza la kufanya ni kuhesabu sifuri.

Kusomeana misimbo kwa simu nako kuna mashaka. Alfabeti ya Kiswahili haina C inayojitegemea, hivyo wengi hutaja herufi kwa matamshi ya Kiingereza, na humo B, D na E hupishana kidogo mno sikioni. Msimbo uandikwe na kutumwa, usisimuliwe.

Asili ya #800000

Mtu anaweza kudhani kwamba mtaalamu fulani alipima vitambaa vingi akagundua kwamba wastani wa "maroon" ni 128. Haikuwa hivyo. Toleo la HTML 3.2, lililopitishwa na shirika la W3C mnamo Januari 1997, liliorodhesha majina 16 ya rangi, na waraka wake wenyewe unaeleza kwamba rangi hizo zilichaguliwa kwa kuwa ndizo 16 za kawaida zilizokuwa zikipatikana katika paleti ya VGA ya Windows. Paleti hiyo ilikuwa na nyekundu kamili na nyekundu ya nusu, kijani kamili na kijani ya nusu, na kadhalika. Nyekundu ya nusu ndiyo iliyobandikwa jina "maroon". Namba 128 ilikuja kwa sababu ni nusu ya 256, na jina likafuata nyuma.

Hata hiyo nusu ni nusu ya namba, si nusu ya mwanga. Katika sRGB, mfumo wa rangi ambao skrini na wavuti huutegemea, thamani ya 128 hutoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga wa thamani ya 255. Ndiyo maana #800000 inaonekana nzito kuliko hesabu yake inavyoashiria, na ndiyo maana, kwa bahati njema, imesogea karibu na kile Waswahili wanachokiita damu ya mzee.

Wakati huo huo mfumo mwingine, X11, uliotumika katika kompyuta za Unix, ulikuwa na orodha yake ya rangi, na humo "maroon" ilikuwa #B03060: nyekundu 176, kijani 48, buluu 96. Hiyo ni rangi yenye uwaridi mwingi, na ni vigumu kumpata msemaji wa Kiswahili atakayeiita damu ya mzee. Orodha hizo mbili zilipounganishwa katika CSS, majina manne yalikuwa yamegongana, na "maroon" likiwa mojawapo. CSS ikafuata HTML. Programu chache zilizorithi orodha ya X11 bado huonyesha rangi ya pili. Ikiwa hata neno la Kiingereza lilikuwa na namba mbili zinazopingana, hakuna sababu ya neno la Kiswahili kufungwa kwa moja ya namba hizo kana kwamba limeitafsiri.

Majirani wanaochanganywa nayo

Jina "darkred" katika CSS ni #8B0000, yaani nyekundu 139. Tofauti yake na "maroon" ni hatua 11 tu kati ya 255, na jicho la kawaida halizitenganishi zikiwa mbalimbali. Zote mbili ni damu ya mzee. Jambo la kustaajabisha ni kwamba jina linalomaanisha nyekundu ya giza limepewa rangi yenye mwanga zaidi kuliko "maroon". Hayo ndiyo matokeo ya kuunganisha orodha mbili zilizotungwa na watu tofauti.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye "brown". Mfasiri yeyote ataandika *kahawia*, na hatakuwa amekosea neno. Lakini "brown" ya CSS ni #A52A2A: nyekundu 165, kijani 42, buluu 42. Kijani na buluu zikilingana hivyo, rangi hubaki kwenye nyuzi 0 za duara, mahali pale pale ilipo nyekundu kamili. Kwa maneno mengine, kahawia ya CSS ni nyekundu iliyopunguzwa ukali, na mtu akioneshwa bila kuambiwa jina lake ana uwezekano mkubwa wa kuiita nyekundu au damu ya mzee iliyopauka. Anayetaka kahawia inayofanana na kahawa atafute "saddlebrown", #8B4513, ambayo imesogea hadi karibu nyuzi 25, kuelekea machungwa. *Hudhurungi* haisaidii kutatua hili, kwa kuwa wengine hulitumia kwa kahawia na wengine kwa rangi iliyo kati ya kahawia na nyekundu; katika maelezo ya tovuti ni heri likaepukwa.

Upande wa pili wa duara kuna nyekundu zinazoelekea zambarau. "Crimson" ya CSS, #DC143C, inang'aa mno kuwa damu ya mzee. Mfano mzuri zaidi ni bendera ya Qatar, iliyoonekana kila mahali wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2022. Nyekundu yake ni ya giza, na si kosa kuieleza kwa Kiswahili kuwa ni nyeupe na damu ya mzee. Lakini ina buluu ndani yake. Msimbo unaotumika mara nyingi ni #8A1538. Mchoraji anayeagizwa bendera hiyo kwa maneno "damu ya mzee", akaweka #800000, atakuwa ametii neno na kukosea bendera. Jina ni lile lile na ni sahihi. Msimbo ni mwingine.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Damu ya mzee ni eneo. #800000 ni nukta moja ndani ya eneo hilo. Nukta haiwezi kuwa maana ya eneo, kama vile mlango wa nyumba moja usivyoweza kuwa maana ya mtaa. Kamusi itaje eneo na mipaka yake, kisha, ikipenda, itoe nukta moja kama kielelezo.

Kusomeka

Mwongozo wa ufikivu wa maudhui ya wavuti, WCAG, unaotolewa na W3C, hupima ulinganuzi, yaani tofauti ya mwanga kati ya maandishi na usuli wake. Kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida uwiano usipungue 4.5 kwa 1, na kwa kiwango cha juu zaidi usipungue 7 kwa 1.

Maandishi meupe juu ya #800000 yana uwiano wa takriban 10.9 kwa 1. Ni wa kutosha na kubaki. Maandishi meupe juu ya nyekundu kamili, #FF0000, yana uwiano wa 4 kwa 1 tu, nayo hayafiki kiwango cha chini. Mabango mengi ya mtandaoni, yakiwemo ya matangazo ya dharura, yamefuata mtindo huu wa pili kwa kudhani kwamba nyekundu ikipiga kelele itasomwa. Inaonekana, lakini haisomeki vizuri. Kwa kichwa cha ukurasa au kitufe chenye maneno meupe, damu ya mzee ni chaguo bora kuliko nyekundu ya kung'aa.

Juu ya usuli mweusi hali hugeuka. #800000 juu ya nyeusi ina uwiano wa takriban 1.9 kwa 1, nao ni wa kutosomeka kabisa. Tovuti iliyopangwa kwa viungo vya damu ya mzee juu ya karatasi nyeupe, msomaji akiwasha mwonekano wa usiku katika simu yake, huweza kupoteza viungo vyote. Dawa ni kuandaa rangi ya pili kwa ajili ya giza. #FF8080, kwa mfano, iko kwenye nyuzi ile ile ya wekundu na ina uwiano unaozidi 8 kwa 1 juu ya nyeusi. Si damu ya mzee tena, na haipaswi kuitwa hivyo katika maelezo.

Wapo pia wasomaji ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani, na kwa baadhi yao nyekundu huonekana nyeusi zaidi kuliko inavyoonekana kwa wengine. Kwao neno la damu ya mzee lililowekwa katikati ya aya ya maandishi meusi halijitokezi hata kidogo. Fomu inayosema "sehemu zenye rangi nyekundu ni za lazima" imewafungia mlango, na imemfungia pia asiyeona anayesomewa ukurasa na programu. Neno *lazima* liandikwe kando ya sehemu husika. Rangi iongezwe baadaye kama msaada.

Upatanisho katika maandishi ya tovuti

Programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huichukua *nyekundu* kama kitu kisichobadilika, kwa sababu faili la tafsiri lina mstari mmoja tu wa rangi hiyo. Matokeo yake ni sentensi kama *Bonyeza kitufe nyekundu*. Kanuni si ngumu. Rangi ikitajwa kama jina lake yenyewe, katika orodha ya kuchagua, huwa *nyekundu*, kwa sababu inapatana na *rangi* isiyotajwa. Ikikisifia kitu, lazima ifuate ngeli ya kitu hicho: *kitufe chekundu, vitufe vyekundu, maandishi mekundu, mstari mwekundu, mistari myekundu, usuli mwekundu, duara jekundu, alama nyekundu.* Programu inayounganisha jina la kitu na jina la rangi kwa kuyabandika tu itakosea mara nyingi kuliko itakavyopatia.

Hapa damu ya mzee ina nafuu. Yenyewe haibadiliki, kinachopatana ni kihusishi *-a* kilicho mbele yake: *kitufe cha damu ya mzee, maandishi ya damu ya mzee, usuli wa damu ya mzee.* Mfasiri anayelazimika kutumia mstari mmoja kwa vitu vya ngeli mbalimbali anaweza kuandika *wenye, chenye, yenye rangi ya...* kwa kila kitu, au akapanga sentensi upya: *Rangi ya kitufe: damu ya mzee.* Muundo huu wa nukta mbili ni mkavu kidogo, lakini hauvunji sarufi, na unafaa hata kwa nyekundu.

Kuhusu *maruni*, utohozi wa neno la Kiingereza: si kosa la kisarufi, na huenda likahitajika mahali ambapo jina la CSS lenyewe ndilo linalozungumziwa. Nje ya hapo halina kazi. Lugha yenye jina lililozoeleka kwa watoto wa shule na washonaji haihitaji kuazima jina la njugu ya Kifaransa kupitia Kiingereza. Jambo moja tu likumbukwe: ndani ya msimbo wenyewe majina ya CSS hayatafsiriwi. Anayeandika "color: damu ya mzee" hataona rangi yoyote, kwa kuwa kivinjari kinaelewa orodha yake tu. Lakini CSS inaruhusu mtu kujiwekea jina lake likianza na vistari viwili, kwa mfano *--damu-ya-mzee: #800000*, kisha kuliita popote kwa *var(--damu-ya-mzee)*. Njia hii ina faida mbili: timu inayozungumza Kiswahili inasoma faili lake kwa lugha yake, na rangi ikihitaji kurekebishwa hubadilishwa mahali pamoja.

Jina na msimbo pamoja

Chukua mfano wa shule inayofungua tovuti. Mwalimu anamwambia mtengenezaji, "Rangi yetu ni damu ya mzee." Mtengenezaji anaweka #800000. Wazazi wanaona ukurasa, wanapeleka picha kwa muuza vitambaa, naye anatoa kitambaa kinachofanana na picha aliyoiona kwenye simu iliyopunguzwa mwanga. Sweta za kidato cha kwanza zinakuwa nyeusi zaidi kuliko za kidato cha pili. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alitumia chombo kimoja mahali palipohitaji viwili, au alitumia chombo cha mwenzake: skrini huonyesha rangi kwa kuwasha mwanga, kitambaa kwa kuufyonza, na hakuna msimbo wa skrini unaoweza kuwa agizo kamili la uzi.

Kwa hiyo waraka wa rangi za taasisi uandikwe jina kwanza, kisha msimbo, kisha, kwa nguo na karatasi, sampuli inayoshikika: *Rangi kuu: damu ya mzee (#800000 kwa skrini, kwa sare, kitambaa kilichoambatishwa).* Kwa watu jina ndilo linalotangulia, kwa sababu ndilo linalokumbukwa na kusahihishwa kwa macho. Hakuna mzazi atakayegundua kwamba #800000 imeandikwa #880000, lakini kila mzazi atagundua kwamba damu ya mzee imegeuka kuwa waridi. Katika kamusi ya mtandaoni, msimbo uwekwe baada ya fasili na mifano, ukitanguliwa na *k.m.* ili msomaji ajue ni kielelezo: *damu ya mzee… (katika skrini k.m. #800000, #8B0000).* Kutoa misimbo miwili inayokaribiana kunasaidia kuliko kutoa mmoja, kwani msomaji anaona mara moja kwamba jina lina upana.